Usiku wa leba na mwanafunzi asiye na saa ya kuondoka

Kazi ya kwanza anayopewa mwanafunzi wa udaktari akiingia chumba cha kujifungulia ni kusikiliza. Anakabidhiwa fetoskopu, kile kipembe cha mbao au plastiki ambacho wakunga wetu hawajawahi kukiacha, anaweka upande mmoja tumboni kwa mama na mwingine sikioni, anainama, kisha anahesabu mapigo ya moyo wa mtoto kwa dakika nzima. Mkono mmoja unashika kifundo cha mkono wa mama na kutafuta mapigo yake, asije akahesabu moyo wa mama akidhani ni wa mtoto. Mtoto aliye salama hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Akimaliza anatia nukta kwenye patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu, na baada ya nusu saa anarudi. Mama akifika hatua ya kusukuma, anatakiwa kusikiliza kila baada ya dakika tano.

Kwa mama mmoja, hiyo ni kazi nyepesi. Kwa kina mama wanane walio kwenye uchungu kwa wakati mmoja, jumlisha dakika ya kusikiliza, dakika ya kuandika, kunawa mikono na kutoka kitanda hadi kitanda: ukimfikia wa nane, wa kwanza muda wake umeshafika. Na hapo hakuna aliyeanza kutokwa damu, hakuna aliyeletwa kwa bajaji akiwa ameshasukuma njiani, na hakuna ndugu anayegonga mlango kuuliza mgonjwa wake anaendeleaje.

Mwanafunzi huyo hakuanza siku yake usiku. Saa moja na nusu asubuhi alikuwa kwenye ripoti, akafuata raundi ya wodi, kliniki ya wajawazito na kipindi darasani. Saa kumi jioni wenzake waliporudi bweni, yeye alibaki kwa sababu jina lake liko kwenye orodha ya koli, yaani zamu ya usiku. Alfajiri ataandaa ripoti ya usiku, asubuhi atasimama mbele ya madaktari bingwa kuieleza, na raundi ikianza atakuwemo. Akitoka saa nane mchana, atakuwa macho kwa takribani saa 32.

Waliopita vyuo vya tiba, kuanzia Muhimbili, KCMC na Bugando hadi Makerere na Nairobi, wanaujua usiku wa namna hii. Wengi wao hujivunia, nao si wa kulaumiwa. Uchungu wa uzazi hauna saa za ofisi, na hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha mtu jinsi mji wa mimba unavyojikaza chini ya kiganja baada ya kondo la nyuma kutoka. Lazima uwepo. Lakini kuwepo ili ujifunze na kuwepo kwa sababu hakuna mtu mwingine ni mambo mawili, na katika hospitali zetu nyingi mpaka kati yake hufutika giza linapoingia.

Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Leba haingojei hiyo siku ya tatu.

Jembe lenyewe

Ukiuliza wajibu wa mwanafunzi katika mzunguko wa magonjwa ya wanawake na uzazi ni upi, utaelezwa kwamba achukue historia za wagonjwa, ashuhudie na kusaidia idadi fulani ya uzazi chini ya mkunga au daktari, aingie chumba cha upasuaji, ajaze kitabu chake cha mazoezi kipigwe sahihi. Vyote ni vya haki. Usiku vinaongezeka ambavyo hakuna chuo kilichoviandika: kukimbiza sampuli maabara, kuifuata damu benki ya damu, kusukuma machela kwenda chumba cha upasuaji, kutafuta glovu wodi ya jirani, kumtuma ndugu duka la dawa, na kusimama saa nzima ameshika ritrakta, kifaa cha kuachanisha kidonda wakati wa upasuaji.

Hivyo vinachosha tu. Vya kutisha ni vile vinavyohitaji akili iliyopumzika. Chukua mama mwenye kifafa cha mimba. Anapewa magnesiamu salfeti, dawa ambayo imeokoa wanawake wasiohesabika, na jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 2002 lilithibitisha kwamba hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya degedege kwa mama mwenye dalili za awali za ugonjwa huo. Lakini ikizidi mwilini inasimamisha pumzi. Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata mtu lazima apige goti kwa nyundo ndogo aone kama mguu unaruka, ahesabu pumzi ahakikishe hazipungui 16 kwa dakika, na apime mkojo kwenye mfuko kuona kama mama anatoa angalau mililita 30 kwa saa. Goti lisiporuka, dozi haitolewi. Dawa ya kuizima, kalsiamu glukoneti, iwe karibu na kitanda, si stoo iliyofungwa na mwenye ufunguo ameenda nyumbani.

Kwa maneno ni jambo rahisi. Lifanye saa kumi alfajiri, mwenye zamu yuko kwenye upasuaji, mkunga yuko mmoja na ana mtoto asiyelia mikononi, na anakuambia bila kugeuka, “Dokta, hebu muangalie yule mama wa kona, dozi yake imefika.” Neno hilo dokta linamtia mwanafunzi joto moyoni. Mwaka mzima alikuwa analingoja. Ni vijana wachache wa miaka 24 watakaojibu, “Sista, mimi bado mwanafunzi, siruhusiwi.”

Nukta za moyo ambao hakuna aliyeusikiliza

Nirudi kwenye patografu, maana hapo ndipo ugonjwa wa mfumo unaonekana vizuri.

Ni karatasi moja yenye mistari. Alama ya X inaonyesha njia ilivyofunguka, duara linaonyesha kichwa kilivyoshuka, nukta ni moyo wa mtoto. Chini kuna vijisanduku vya uchungu: unaweka mkono tumboni kwa dakika kumi, unahesabu mikazo mingapi imekuja na kila mmoja umedumu sekunde ngapi. Chini ya sekunde 20 unajaza vitone, kati ya 20 na 40 unachora mistari ya mshazari, zaidi ya 40 unapaka wino kisanduku kizima. Mistari yake miwili ya tahadhari ilizaliwa barani kwetu. Hugh Philpott na mwenzake Castle waliifanyia kazi nchini Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, wakaichapisha mwaka 1972, kwa ajili ya wakunga waliokuwa mbali na daktari na waliohitaji kujua mapema ni mama gani asafirishwe. Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya mwaka 2020, ambayo haimlazimishi kila mama kufunguka sentimita moja kwa saa, lakini kazi yake ni ileile: kumuonya anayeitazama kabla hatari haijafika.

Sasa ingia leba yenye shughuli nyingi saa kumi na moja alfajiri. Mtoto ameshazaliwa, mama anasafishwa, karatasi haina kitu tangu saa saba usiku, na raundi iko njiani. Mwanafunzi anakaa mezani na kalamu yake. Anaandika 138, 140, 142, 138. Nukta zinapangana vizuri, na hakuna mtu aliyeinama kusikiliza hata moja.

Hakuna mwalimu aliyemfundisha hivyo kwa maneno. Amejifunza kwa kuona kwamba karatasi tupu inaleta fedheha mbele ya bingwa, na kwamba iliyojazwa haipati mtu wa kuihoji. Katika umri ambao tabia za kazi zinajengwa, anaelewa kuwa patografu ni ya kumridhisha mkubwa asubuhi, si ya kumlinda mama usiku. Hili linanikera kuliko saa 32 za kukesha. Uchovu wa leo utaondoka kwa usingizi wa kesho, lakini mazoea haya atakwenda nayo wilayani atakapopangiwa kazi, mahali ambapo hakuna bingwa wa kumhoji kabisa.

Waliowahi kujaribu kufupisha saa

Uchovu wenyewe si hadithi. Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia, waliowapima watu kwa kuwanyima usingizi na kuwalinganisha na walevi. Mtu aliyekesha saa 17 alifanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu; baada ya saa 24 alikaribia 0.10. England dereva hufikishwa mahakamani akivuka 0.08.

Marekani ndiko mjadala wa saa za madaktari wanafunzi ulikotikisa sheria, na chanzo kilikuwa kifo. Machi 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifia katika hospitali moja ya New York, saa chache baada ya kupokewa usiku na madaktari walioko mafunzoni. Alipewa dawa ya pethidini ilhali alikuwa akitumia dawa nyingine ya msongo wa mawazo ambayo haipaswi kuchanganywa nayo. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwandishi wa habari, na hakukubali yaishe. Tume iliundwa chini ya Dk Bertrand Bell, na mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo: saa 80 kwa wiki, zisizozidi 24 mfululizo. Mwaka 2003 kikomo cha saa 80 kikawa cha nchi nzima.

Je, kilisaidia? Utafiti wa Christopher Landrigan na wenzake uliofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba madaktari wa mwaka wa kwanza waliofuata ratiba ya zamani, yenye zamu ndefu, walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi ya wenzao waliofupishiwa. Mwaka 2011 wa mwaka wa kwanza wakawekewa saa 16 mfululizo. Kisha upepo ukageuka. Jaribio kubwa katika idara za upasuaji, lililotoka mwaka 2016, halikuona tofauti ya vifo wala madhara kwa wagonjwa kati ya hospitali zilizobana saa na zile zilizolegeza. Mwaka 2017 saa 16 zikafutwa, 24 zikarudi. Sababu mojawapo inaeleweka na yeyote aliyewahi kupokezana zamu: kila mgonjwa anapohama mikono, kuna jambo linasahaulika.

Kuna kauli moja katika sakata hilo ambayo haikupewa uzito. Bell mwenyewe, ambaye jina lake lilifungamana na zile saa 80, aliandika mwaka 1993 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani kwamba ufunguo wa huduma bora ni usimamizi, si kuhesabu saa. Kwa macho yake tatizo la usiku ule lilikuwa kwamba mwenye uzoefu hakuwepo kitandani. Nadhani alikuwa sahihi, na leba zetu zinamthibitisha kuliko hospitali za kwao.

Nyuma zaidi kuna mfano mkali kuliko huo. Katika miaka ya 1840 hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Ya kwanza ilifundisha wanafunzi wa udaktari, ya pili wakunga. Katika ya kwanza homa ya uzazi iliua takribani kina mama 10 kati ya 100, zaidi ya mara mbili ya ile ya pili, na wajawazito walilia na kuomba wasipelekwe kwa wanafunzi. Ignaz Semmelweis aligundua mwaka 1847 kwamba wanafunzi hao walikuwa wakitoka moja kwa moja kupasua maiti na kuingia leba kupima njia. Akaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, na mwaka uliofuata vifo vikashuka chini ya 2 kwa 100. Wanafunzi wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wakifuata ratiba waliyopangiwa na wakubwa wao.

Vitanda vimejaa kwa sababu ya habari njema

Tuwe waadilifu kwa wanaoendesha hospitali hizi. Wodi za wazazi Tanzania zimefurika kwa sababu kina mama wameitikia wito. Mwaka 2010 karibu nusu ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta ni asilimia 81. Vifo vya uzazi, ambavyo utafiti wa 2015/16 uliviweka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, vilionekana vimeshuka hadi 104. Ni mafanikio ambayo mtu wa miaka ya tisini asingeyaamini. Lakini idadi ya wakunga na madaktari wa zamu haikukua kwa kasi ya wanaojifungua, na pengo hilo la usiku lazima lizibwe na mtu. Aliye karibu, asiyelipwa na asiye na uwezo wa kukataa, ni mwanafunzi.

Kisheria yuko mahali pa ajabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, na hata kwa saa za ziada mtu asizidi 12 kwa siku. Sheria hiyo inamtazama mwajiriwa. Mwanafunzi si mwajiriwa. Ni mlipa ada. Mlinzi wa geti la hospitali ana kikomo cha saa kilichoandikwa, ila kijana anayehesabu pumzi za mwenye kifafa cha mimba hana. Anayemfuata ngazi moja juu, daktari mtarajali, ana posho lakini naye anaishi kwa huruma ya ratiba. Si bahati mbaya kwamba mgogoro mkubwa wa madaktari Tanzania mwaka 2012 ulianzia kwa watarajali, wala kwamba Kenya mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, moja ya hoja zao ikiwa malipo ya watarajali ambao makubaliano ya 2017 yaliwapa takribani Sh206,000 kwa mwezi na serikali ikataka kuwalipa Sh70,000.

Na mama mwenyewe? Katika hospitali ya kufundishia anaweza kupimwa njia na mtarajali, mwanafunzi wa udaktari, mwanafunzi wa ukunga, na bingwa anayehakikisha walichosema wote watatu. Kila mmoja ana kitabu kinachongoja sahihi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema mama anayeendelea vizuri apimwe kila baada ya saa nne, na unaonya mahsusi juu ya kumpima mara nyingi kwa sababu tu wapimaji ni wengi. Kumwomba ruhusa huchukua sekunde tano: “Mama, mimi ni mwanafunzi, sista yuko hapa pamoja nami, unaniruhusu nikupime?” Akikataa, hiyo ni haki yake. Nimeona tofauti katika sura ya mama aliyeulizwa na ya yule aliyegeuzwa miguu bila neno, na simwamini mtu anayesema hakuna muda.

Yanayowezekana bila kungoja bajeti

Kuna wanaosema bila kuongeza watumishi hakuna linalowezekana. Zanzibar inawajibu. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mradi wa PartoMa, ulioanza kufanyiwa kazi mwaka 2014, haukuleta kundi la wakunga wapya. Wahudumu wa pale walishiriki kutunga kijitabu cha mfukoni chenye maelekezo yanayolingana na hali yao halisi, si ya hospitali ya Ulaya yenye mkunga kwa kila mama, na wakawa na semina fupi za mara kwa mara. Watoto waliozaliwa wamekufa walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Bado ni wengi mno. Lakini kushuka huko kulitokea katika jengo lilelile, lenye msongamano uleule.

Funzo ninaloliona kwa wanafunzi ni kwamba maelekezo yaliyoandikwa na yanayotekelezeka yana nguvu hata pale watu wasipoongezeka. Leba ya kufundishia inahitaji karatasi moja ubaoni inayosema mwanafunzi anaweza kufanya nini peke yake, nini akiwa na mkunga pembeni, na nini asiguse kabisa, dozi ya magnesiamu ikiwemo. Chini yake yaandikwe majina mawili ya usiku huo, la daktari anayepaswa kuitwa na la atakayeitwa kama wa kwanza yuko kwenye upasuaji, pamoja na namba za simu zinazopatikana. Nafasi tupu kwenye patografu iruhusiwe kubaki tupu na kuulizwa sababu yake asubuhi, bila kumdhalilisha aliyeiacha. Bingwa akilifanya hilo kwa mwezi mmoja, nukta za kubuni zitapungua zenyewe.

Koli za usiku zibaki. Daktari ambaye hajawahi kumpokea mtoto saa tisa usiku atapata tabu siku akiwa peke yake Kibondo au Tandahimba. Kinachotakiwa ni mwisho wake ujulikane. Mwanafunzi akimaliza kukabidhi wagonjwa wake asubuhi, aende akalale, na asihesabiwe mtoro kwenye kipindi cha saa nne.

Vyuo vya tiba vinapobandika ratiba, huandika kwa herufi nzito saa ya kuripoti na adhabu ya kuchelewa. Ratiba ya muhula ujao bado haijabandikwa. Wakuu wa idara waongeze safu moja ya saa ya kuondoka, na waisimamie kama wanavyosimamia ile ya kuripoti.